Masala ya Dereva wa Kemambo, juu ya Kipofu Asafiriye na Mbwa Wake

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, aliyewatiisha wanyama chini ya mikono ya wana Adamu, akawapa waja wake wengine macho, na wengine akawapa subira badala ya macho. Na sala na salamu zimshukie Bwana wetu Muhammad, na jamaa zake, na masahaba wake wote. Amma baad.

Ndugu zetu wa pwani walioko Kemambo, katika wilaya ya Tarime, ambao wamefuata riziki zao kandokando ya machimbo ya dhahabu ya North Mara, wametuletea masala, nao wataka jawabu lililopigwa chapa ili lisomwe barazani. Aliyeuliza ni dereva. Gari lake la abiria hutoka Tarime, likapita Nyamongo, likavuka Mto Mara na kushukia Mugumu, upande wa Serengeti. Anaye mtoto wa ami yake aendeshaye teksi Uingereza, naye amemwandikia kuwa katika nchi ile dereva hana ruhusa kumkataa kipofu aliyefuatana na mbwa wa kumwongoza, wala kumtoza nauli ya mbwa, na kwamba wako Waislamu waliopelekwa mahakamani wakatozwa faini kwa sababu hiyo. Barua iliposomwa watu waligawanyika. Mmoja alisema hii ni dhulma juu ya dini yetu. Wa pili alisema gari lililopandwa na mbwa halitwahariki mpaka viti vyake ving'olewe. Wa tatu, naye ndiye mtu mzima kuliko wote, alinyamaza kimya.

Basi dereva auliza: "Sheikh wangu, akinijia kipofu na mbwa wake, nami ni mtu wa madhehebu ya Imamu Shafi, nimpakie au nimwache njiani? Na nikimpakia, gari langu litakuwa na hukumu gani? Na mbwa huyo nimtoze nauli?"

Masala haya ni mazuri, na kuyauliza ni bora kuliko kuyakatia hukumu pasina ilimu. Nasi kabla ya kujibu twataka kwanza msomaji amjue mnyama anayezungumzwa, kwani wengi katika sisi tukisikia neno mbwa hupitikiwa na yule wa jalalani.

Mbwa wa kumwongoza kipofu si mbwa wa kuchezewa. Elimu ya kumfunza ilipata utaratibu wake Ujerumani katika vita vikuu vya 1914 hata 1918, askari wengi walipopofuka kwa moshi wa sumu na vipande vya mizinga. Na chuo cha kwanza kilifunguliwa na tabibu Gerhard Stalling katika mji wa Oldenburg, mwaka 1916. Marekani wakaanza mwaka 1929, na Uingereza mwaka 1931. Mbwa huyu hulelewa na kufunzwa tangu udogo wake kwa muda wa miaka 2 hivi, na baada ya hapo wengi hufanya kazi miaka 6 au 7, kisha huachishwa wakapumzika. Mgongoni huvishwa mshipi wenye mpini mgumu ambao kipofu huushika kwa mkono. Watu hudhani kuwa mbwa ndiye ajuaye njia, na sivyo. Ajuaye njia ni kipofu mwenyewe, naye huihesabu kichwani mwake. Kazi ya mbwa ni kumwepusha na shimo, na nguzo, na ngazi, na gari. Na katika ajabu za Mwenyezi Mungu ni kuwa mnyama huyu hufunzwa kutotii: bwana wake akimwamuru kuvuka barabara, naye aona gari linakuja, husimama akakataa. Wangapi katika watumishi wa kibinadamu watakaothubutu kufanya hivyo mbele ya bwana zao!

Huyo ndiye abiria wetu. Sasa na tuingie katika hukumu.

Katika madhehebu yetu mbwa ni najisi, tena najisi nzito. Hilo hatulipunguzi wala hatulifichi kwa ajili ya kumridhisha mtu yeyote. Chombo alichokiramba huoshwa mara 7, moja katika hizo kwa udongo, kama ilivyopokewa kwa Mtume wetu (s.a.w.) katika hadithi ya Abu Huraira, na wanavyuoni wetu wakaupitisha mwili wake wote katika hukumu hiyo, mate yake, na jasho lake, na nywele zake. Imamu Malik kwake mbwa ni twahara, na kule kuosha mara 7 ni ibada tu tuliyoamrishwa. Imamu Abu Hanifa yuko katikati: mate ni najisi, na mwili wake si najisi kwa dhati yake. Tumezitaja kauli hizi ili ijulikane kuwa mambo haya yana wasaa kwa Waislamu, wala si kwa kuwa twataka kukimbia madhehebu yetu. Yatupasa kubaki katika madhehebu yetu na kuyasoma vizuri, kwani humo humo mna jawabu.

Wanavyuoni wa Shafi wamesema wote kwa kauli moja kuwa kikavu kwa kikavu hakinajisishi. Mbwa mkavu akipita akagusa kanzu yako kavu, kanzu yako ni twahara, na sala yako ni sahihi, wala huna la kuosha. Na Ibn Umar (r.a.) amesimulia, na habari hii imo katika Bukhari, ya kuwa zama za Mtume mbwa walikuwa wakiingia na kutoka katika msikiti wa Madina, wala masahaba hawakuwa wakinyunyiza maji kwa ajili yao. Wenyewe wanavyuoni wetu wameifasiri kuwa miguu yao ilikuwa mikavu. Huo ni msikiti wa Mtume! Na huyu wetu ataka kung'oa viti vya gari.

Tena gari si mahali pa kusalia. Dereva wa Nyamongo akifikiwa na wakati wa adhuhuri hushuka, akatandika mkeka wake penye kivuli, akasali. Basi hata lau sakafu ya gari imeingia najisi, najisi hiyo haimzuilii mtu kuketi, wala kuendesha, wala kula nauli yake iliyo halali. Mangapi yanayopakiwa katika magari hayo? Kuku na mbuzi wenye kinyesi miguuni, samaki wa ziwani wanaochuruzika maji, na mara nyingine makreti ya pombe, na bangi iliyofichwa magunia ya chini, nayo ndugu zetu huona ni mizigo wakanyamaza. Najisi ya mbwa wa kipofu peke yake ndiyo iliyowaamsha.

Husemwa: "Lakini Mtume amekataza kufuga mbwa." Ni kweli, na imepokewa ya kuwa afugaye mbwa hupungukiwa na thawabu za amali yake kulla siku. Walakini katika hadithi hiyo hiyo wamevuliwa watatu: mbwa wa kuwinda, na wa kuchunga wanyama, na wa kulinda shamba. Na Kurani Tukufu, katika Sura ya Al-Maida aya ya 4, imehalalisha kula alichokikamata mnyama wa kuwinda aliyefunzwa, ikataja kule kufunzwa kuwa ni sehemu ya ilimu ambayo Mwenyezi Mungu amewafundisha waja wake. Zingatieni hapa: mbwa asiyejua, na mbwa aliyefunzwa, hawana hukumu moja. Kisha wakaja wanavyuoni wakauliza, je, mbwa wa kulinda nyumba na vichochoro, ambaye hakutajwa? Imamu Nawawi, naye ni nguzo ya madhehebu yetu, amesema kauli iliyo sahihi zaidi ni kuwa yafaa, kwa kumpimia na wale watatu, kwani sababu ifahamikayo katika hadithi ni haja. Ndugu zangu, ikiwa haja ya kulinda gunia la mchele yamhalalisha mbwa, haja ya mwana Adamu asiyeona, ya kutofika chini ya magurudumu ya lori, haimhalalishi?

Na Kemambo penyewe pana ushahidi. Wakurya ni watu wa ng'ombe, na mbwa wao hufuata makundi malishoni. Hao ndio hasa waliovuliwa katika hadithi. Wenye maduka usiku huwaajiri walinzi wenye mbwa, na katika wenye maduka wamo Waislamu wa pwani, nao hulala usingizi wao wakashukuru. Huko magharibi ya Serengeti wako mbwa waliofunzwa kufuata nyayo za majangili na kunusa pembe za ndovu na nyama iliyofichwa, nao hupakiwa magarini pamoja na askari wao. Hakuna barazani aliyesema viti vya askari ving'olewe. Imekuwaje mbwa alindaye mali awe ni haja, na mbwa alindaye roho awe ni balaa?

Imebaki hoja ya malaika, kuwa hawaingii nyumba yenye mbwa. Hadithi ni sahihi. Al-Khattabi amesema kuwa mbwa walioruhusiwa hawamo katika makatazo hayo, na Imamu Nawawi ameona kuwa hadithi ni ya mbwa wote. Sisi hatuna haja ya kuamua kati yao, kwani neno lililokuja ni nyumba, na gari la abiria si nyumba ya dereva wala kipofu hataki kuhamia humo. Ataka kufika Mugumu.

Sasa tumtazame kipofu mwenyewe, kwani twaona watu wamejadili mbwa mchana kutwa wala mwenye mbwa hakuulizwa hali.

Katika Kurani iko sura nzima ambayo mwanzo wake uliteremshwa kwa ajili ya mtu kipofu, nayo ni Sura ya Abasa, sura ya 80. Mtume wetu (s.a.w.) alikuwa akizungumza na wakubwa wa Kureshi, akitaraji watasilimu na watu wengi wasilimu nyuma yao, akaja Abdallah bin Ummi Maktum kutaka kufundishwa, akayakata mazungumzo hali haoni ni nani walioketi. Ukadhihiri uso wa kukereka. Kipofu hakuuona uso ule, lakini Mwenyezi Mungu aliuona, akateremsha aya za kumtanabahisha Mtume wake, zikawa zasomwa mpaka Kiyama. Kisha Ibn Ummi Maktum akawa mwadhini wa Mtume pamoja na Bilal, na mara kadhaa Mtume aliposafiri alimwachia Madina awasalishe watu. Basi ikiwa kipenzi cha Mwenyezi Mungu alionywa kwa kukunja uso tu, naye yumo katika kazi ya kuita watu katika dini, itakuwaje hali ya kondakta afungaye mlango usoni mwa kipofu, naye hayumo katika kazi yoyote ila kuhesabu viti?

Na imepokewa vilevile kuwa kipofu alimwendea Mtume akamweleza kuwa hana kiongozi wa kumfikisha msikitini, akataka ruhusa asali nyumbani. Akapewa ruhusa, kisha akaulizwa kama huisikia adhana, aliposema naam, akaambiwa aitikie. Wanavyuoni wana maneno mengi katika hukumu itokayo humo. Sisi twachukua moja lililo dhahiri: kiongozi wa kipofu si pambo, bali ni kitu ambacho ibada yake na maisha yake vimetundikwa juu yake. Ukimkatalia kiongozi wake, umemkatalia yeye. Tena katika Musnad ya Imamu Ahmad imo laana ya Mtume juu ya mwenye kumpoteza kipofu njia. Huyo ni aliyempoteza njia. Na aliyemwacha kando ya njia penye jua la saa saba, hana kioo cha kujitazamia?

Hapa ndipo penye uzito wa masala haya, nami nataka ndugu zetu wapazingatie. Najisi ya mbwa huondoka kwa ndoo ya maji na gao la udongo, na udongo hauuzwi. Ama mja uliyemdhulumu, dhulma yake haiondoki kwa maji 7 wala 70. Ni haki ya mja, yangoja mpaka mwenyewe asamehe, au mtakapokutana siku ambayo yeye atakuwa aona.

Huenda msomaji akasema: "Sheikh amesema mengi, na hapa kwetu mbwa hao hawako." Ni kweli kuwa kwetu ni nadra mno. Kipofu wa Tanzania huongozwa na fimbo nyeupe, au na mtoto. Mtoto hushika ncha moja ya fimbo, mzee ncha ya pili, wakaenda. Nami kwa kuwa mbwa hayuko nauliza habari ya mtoto. Mara ngapi kondakta amemwambia kipofu kuwa yeye na mtoto wake ni nauli mbili, naye aona kuwa mtoto ameketi pajani? Mara ngapi gari limeongezwa mwendo kituoni kwa sababu vipofu hukawia kupanda? Huyo mtoto naye hana najisi, hana mate, hana nywele. Basi ni wazi kuwa ugonjwa haukuwa katika mbwa.

Na mtoto huyo ana dhulma yake mwenyewe. Asubuhi ambayo wenzake wamo darasani, yeye yu barabarani akiwa ni macho ya babu. Lau babu angekuwa na mnyama wa kumwongoza, mtoto angesoma. Na watoto walio vipofu wenyewe, ambao Mwenyezi Mungu amewajaalia shule, kama wale wa Mwisenge mjini Musoma, shule ile ile aliyosoma Mwalimu Nyerere, shule ikifungwa na kufunguliwa hawana njia ila magari haya haya ya abiria. Twamsihi dereva wetu awakumbuke hao kwanza, kwani hao hawako Uingereza, wako katika njia yake.

Nirudi kwa mtoto wa ami aliyeandika barua. Sheria aliyoitaja iliandikwa Uingereza mwaka 1995, kisha ikaingizwa katika sheria ya usawa ya mwaka 2010. Faini yake yaweza kufika pauni 1,000, na asiyelazimishwa ni dereva mwenye cheti cha kuwa mbwa humdhuru mwili wake, kama mwenye pumu. Si dhulma juu ya dini. Mtu alikwenda kwa hiari yake, akaomba leseni ya kuwapakia watu wote, akakubali masharti. Na Mwislamu akikubali sharti lisilohalalisha haramu, hulitimiza. Ama hapa kwetu, Tanzania iliridhia mwaka 2009 mapatano ya mataifa juu ya haki za watu wenye ulemavu, na mwaka 2010 ikatunga sheria yake ya kukataza kubaguliwa kwao. Lakini mimi sipendi Mwislamu afanye wema kwa kuogopa hakimu, hali ya kuwa Kitabu chake kimemtangulia hakimu kwa miaka zaidi ya 1,300.

Katika mji wa Minneapolis, Marekani, madereva wengi wa teksi za kiwanja cha ndege walikuwa Wasomali, ndugu zetu na majirani zetu. Kukazuka ugomvi mkubwa: baadhi yao walikataa abiria waliochukua chupa za pombe, na mbwa wa vipofu wakaingizwa mumo humo. Mwaka 2007 wakuu wa kiwanja wakapitisha kuwa amkataaye abiria atasimamishwa kazi siku 30, na akirudia atanyang'anywa leseni miaka 2. Katika pombe walikuwa na la kusema, maana imepokewa laana juu ya mwenye kuibeba, na wanavyuoni wana maneno humo. Katika mbwa wa kipofu hawakuwa na kitu. Hakuna aliyelaaniwa kwa kumbeba mbwa aliyefunzwa. Bali imepokewa kuwa mtu alisamehewa dhambi zake kwa kuteka maji kwa kiatu chake akamnywesha mbwa mwenye kiu. Kuyachanganya mambo mawili hayo kuliwafanya watu wa mji wasisikie hata lile lililokuwa na hoja.

Kinyume chake ni habari ya Leicester, Uingereza, mwaka 2008. Kijana Mwislamu kipofu alitaka kusali msikitini, naye huongozwa na mbwa. Wakubwa wa msikiti hawakumfukuza wala hawakumwingiza mbwa safuni. Baraza la sharia la Waislamu wa Uingereza likatoa fatwa, na mbwa akatengewa mahali pake penye kuingilia, akilala pale mpaka bwana wake amalize sala. Atakayeona hili ni uzushi na afungue Sura ya Al-Kahf, aya ya 18, aone mbwa wa wale vijana wa pangoni amewekwa wapi: amenyoosha mikono yake kizingitini. Hakuwamo ndani, wala hakufukuzwa. Karne ngapi twaisoma sura hii kulla Ijumaa!

Yako mambo mawili ambayo abiria wenzake wana haki nayo. La kwanza ni hofu. Mtu wa Tarime na Serengeti akiogopa mbwa haogopi bure. Kichaa cha mbwa kikisha kudhihiri mwilini mwa mtu hakina dawa, na kwa ajili hiyo mbwa wa vijiji vya Serengeti wamekuwa wakichanjwa kwa zaidi ya miaka 20. Basi dereva akiuliza cheti cha chanjo, hakumdhulumu mtu. Na aliye na hofu akalishwe kiti cha mbele au cha nyuma, mbali na mnyama. La pili ni udanganyifu. Wako watu, khasa Marekani, waliokuwa wakipandisha ndegeni kulla aina ya mnyama kwa kudai wamliwaza roho, mpaka serikali yao ikabadili kanuni mwishoni mwa mwaka 2020, mashirika ya ndege yasilazimike tena kuwapokea hao kama wanyama wa kazi. Kipenzi cha nyumbani si kiongozi wa kipofu, na haja ya kweli ndiyo iliyoleta ruhusa. Pasipo haja hukumu yarudi pale ilipokuwa.

Sasa jawabu la vitendo, kwa kuwa dereva ni mtu wa vitendo.

Mpakie. Mwambie kwa adabu, "Karibu, baba," au "Karibu, ndugu yangu," kwa kadiri ya umri wake, nawe zungumza naye yeye, usizungumze na aliye karibu yake kana kwamba kipofu ni kiziwi. Mpe kiti penye nafasi mbele ya miguu, mbwa alale sakafuni miguuni mwake. Wala usimpandishe mbwa kitini, na mbwa wa namna hii hakufunzwa kupanda kitini. Usimvute kipofu kwa mkono, wala usimshike mbwa mpini wake. Muulize mwenyewe atakavyo. Weka garini turubai au mkeka wa mpira wa kumtandikia. Kukiwa kukavu, akishuka huna la kufanya. Ikiwa ni masika, naye amelowa, au ameacha mate, basi pale palipolowa ndipo penye najisi, si gari zima: mwaga maji, osha mara 7, moja kwa maji yaliyochanganywa na udongo, na ukiwa ametandikiwa mkeka utaosha mkeka peke yake kando ya barabara. Wako waliosema sabuni yasimama mahali pa udongo, lakini kauli yenye nguvu kwetu ni udongo, na Kemambo haikupungukiwa na udongo. Nguo yako ikiguswa na mbwa aliyelowa, fanya hivyo hivyo kabla ya kusali. Ukiwa na shaka kama alikuwa mkavu au amelowa, shika asili, nayo ni twahara, wala usifungue mlango wa wasiwasi.

Ama nauli. Mwenye gari auza nafasi ya kuketi, na mbwa aliyelala chini ya miguu ya bwana wake hakuchukua kiti cha mtu. Basi hana nauli. Mtoto aongozaye akipakatwa, hali yake ni hiyo hiyo. Akichukua kiti chake peke yake, ana nauli yake kama watoto wengine, na ukimsamehe ni sadaka. Na lau mbwa amerarua kiti au ameharibu mzigo wa mtu, fidia yake ni juu ya aliyefuatana naye, kama ilivyo kwa mnyama yeyote aliye mkononi mwa mtu, wala upofu haumwondolei dhamana hiyo. Wallahu aalam.